Kujua Maji Kabla ya Kuyaingia: Usalama wa Kuogelea Mashariki ya Unguja

Mgeni anayefika Paje au Jambiani siku ya bamvua, yaani siku ya maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, huikuta bahari imejaa hadi karibu na minazi, na baada ya saa sita hivi, mahali pale pale, akawaona akina mama wakishughulikia mwani kwenye mchanga uliokauka. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4, ilhali siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, hupungua sana. Maji mengi kiasi hicho hayahami bila nguvu, na nguvu hiyo ndiyo tunayomwomba kila muogeleaji aiheshimu.

Mwamba wa matumbawe huzuia mawimbi makubwa, ndiyo maana maji ya ndani huonekana matulivu kama bwawa. Hata hivyo, maji yanapotoka, sehemu kubwa hupita kwenye mapengo ya mwamba yanayoitwa milango, na mkondo wa hapo humshinda hata muogeleaji hodari. Aliyechukuliwa na mkondo asishindane nao kwa kulenga ufukwe moja kwa moja; aelee chali, apunge mkono kuomba msaada, kisha aogelee kwa kuukata kando hadi atoke ndani yake. Ni bora zaidi kumuuliza mvuvi mapema mlango uko wapi na maji yatageuka saa ngapi, kwa kuwa saa hizo husogea kwa takriban dakika 50 kila siku na jibu la jana halitoshi leo.

Wanaotembea kwenda mwambani maji yakiwa yamekupwa waanze kurudi kabla hayajageuka, kwani yanapojaa yanaweza kutangulia kujaza mifereji iliyo kati yao na pwani. Viatu vyenye soli ngumu ni vya lazima. Aliyechomwa na taa (samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au samaki jiwe atumbukize mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90, na apelekwe hospitali.

Wachezaji wa kaiti, yaani wanaoteleza juu ya maji kwa ubao wakivutwa na tiara, ambao huja kwa wingi wakati wa pepo za kusi na kaskazi, wakae mbali na waogeleaji na vigingi vya mwani. Vigingi hivyo ni riziki ya watu, na kamba zake hunasa miguu.

Anayezama mara nyingi hapigi kelele, hivyo mtoto asiachwe majini bila mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumshika. Ukimwona mtu anazama, usimrukie; mtupie kamba, boya au dumu tupu lililofungwa kifuniko, na uite wenye chombo. Akitolewa bila kupumua, msimkamue tumbo wala kumning'iniza kichwa chini: mlazeni chali, inueni kidevu, mpulizieni pumzi 5 mdomoni huku pua imebanwa, kisha mbonyezeni katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia mara 2, bila kukoma, hadi apumue au wahudumu wa afya wafike.