Katiba ya shirikisho na katiba ya jimbo, na kwa nini Lamu haina yake

Swali hili husikika sana barazani hapa Lamu siasa zinapopamba moto: ikiwa majimbo ya Marekani yana katiba zao, mbona kaunti yetu, yenye gavana na bunge lake, haina?

Tuanzie mamlaka yanakotoka. Massachusetts ilijiandikia katiba mwaka 1780, miaka saba kabla ya ile ya Marekani kuandikwa Philadelphia. Katiba ya shirikisho haikuliumba jimbo hilo, ililikuta. Kwa sababu hiyo serikali kuu ya kule hufanya yale iliyokabidhiwa, kama vile jeshi, sarafu, mikataba na nchi za nje na biashara baina ya majimbo. Marekebisho ya Kumi, ya mwaka 1791, yanasema yasiyokabidhiwa ni ya majimbo au ya wananchi. Elimu, kwa mfano, haikutajwa kabisa katika katiba ya shirikisho. Imo katika katiba za majimbo.

Zikigongana, Kifungu cha Sita kinaipa ushindi katiba ya shirikisho, hata mbele ya katiba ya jimbo. Wengi wakisikia hivyo huona basi katiba ya jimbo ni pambo tu. Sivyo hata kidogo. Katiba ya shirikisho huweka kiwango cha chini cha haki, ambacho jimbo haliruhusiwi kukipunguza, ila kukiongeza linaweza. Mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba katiba ya California inaweza kuwapa watu haki ya kukusanya saini ndani ya jengo la maduka la mtu binafsi, ingawa katiba ya shirikisho haiwapi haki hiyo.

Hata Zanzibar, jirani zetu, wana katiba yao ya 1984 kando ya ile ya Muungano ya 1977, japo Tanzania haijiiti shirikisho.

Kenya ina katiba moja, ya 2010. Hiyo ndiyo iliyozizaa kaunti 47, na Jedwali la Nne likazigawia kazi: vituo vya afya na gati za usafiri wa ndani ni za kaunti; udhibiti wa meli za kitaifa na kimataifa ni wa serikali ya kitaifa. Bunge la kaunti hutunga sheria, si katiba.

Lakini mimi sioni kwamba kukosa katiba yetu kumetuacha uchi. Majimbo ya Kenya yenyewe ya 1963, yaliyoiweka Lamu ndani ya Jimbo la Pwani, yalianza kubomolewa na Bunge mwaka 1964 bila mwananchi kupiga kura. Leo, kwa Kifungu cha 255, malengo, kanuni na muundo wa ugatuzi haviguswi bila kura ya maoni, na katika angalau nusu ya kaunti lazima wajitokeze si chini ya asilimia 20 ya wapiga kura walioandikishwa.