Treni iliyosimama siyo iliyokosea

Tatizo lilikuwa linaanza saa nane mchana. Asubuhi signali ya kuingilia stesheni iko vizuri, treni zinapita. Jua likishakaza, taa inageuka nyekundu na mbele hakuna treni, hakuna ng'ombe, hakuna chochote. Stesheni masta anapiga simu. Fundi anafika kesho yake saa tatu asubuhi na begi lake la vifaa, anapima, anakuta kila kitu sawa, anaandika kitabuni: "Hakuna hitilafu iliyoonekana." Saa nane, nyekundu tena. Fundi mwenyewe ni mimi, na maneno hayo niliyaandika mara tatu.

Watu wakisikia "hitilafu ya signali" hudhani kuna taa imeungua. Ingekuwa taa tu, tungebadilisha tukaenda kunywa chai. Kwa kawaida kilichoharibika ni kile kinachoiambia taa iwe na rangi gani, na hicho kimetandazwa kwenye reli zenyewe, juani na mvuani, kilomita kwa kilomita.

Kwenye mitambo ya aina hii njia inagawanywa vipande. Kila kipande tunakipitishia umeme mdogo, volti chache tu. Unaingia kichwani mwa kipande, unasafiri kwenye reli zote mbili, na mwisho wa kipande unaivuta rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, na kuishikilia. Rilei ikishikwa, kipande ni kitupu, na taa inaruhusiwa kuwa ya kijani. Treni ikiingia, magurudumu na ekseli zake za chuma zinaziunganisha reli mbili, umeme unapita njia hiyo fupi, rilei inakosa wa kuishika na kuanguka. Nyekundu. Mmarekani William Robinson alipewa hataza ya mpango huu mwaka 1872, na sehemu nyingi duniani bado unafanya kazi.

Angalia ujanja wake sasa. Betri ikifa, rilei inaanguka. Mwizi wa kopa akikata waya, inaanguka. Reli ikikatika, inaanguka. Masika kokoto zikijaa tope na umeme ukavuja kutoka reli moja hadi nyingine, inaanguka. Mtambo hauna uwezo wa kusema "nadhani njia ni nyeupe." Ukikosa habari, unasema simama. Hata ETCS ngazi ya pili, mfumo wa Ulaya wa kudhibiti treni unaoongoza treni za umeme za SGR yetu Tanzania, ambako ruhusa ya kwenda inamfikia dereva kabini kwa redio, umelelewa kwa mila hiyo hiyo: kimya siyo ruhusa. Kwa hiyo kama umewahi kukaa masaa mawili porini kwenye treni iliyosimama, mtambo ulikuwa unafanya ulichofundishwa. Najua hayo hayakupozi, ukiwa na mtoto mapajani na maji yameisha.

Shida yetu mafundi ni kwamba treni iliyosimama haikuambii nani mkosaji. Inakuambia tu kuwa kuna mahali habari imekatika.

Mfano ninaoupenda ni wa Singapore, mwaka 2016. Circle Line ni njia ya metro isiyo na madereva, treni na mtambo vinaongea kwa mawimbi. Mwishoni mwa Agosti treni zikaanza kufunga breki za dharura zenyewe kwa sababu zimepoteza mawasiliano, zikatulia kidogo, kisha Novemba mambo yakarudi. Wakatafuta eneo lenye ubaya: hakuna, zilisimama popote. Wakatafuta treni mbovu: hakuna, zilisimama tofauti tofauti. Tarehe 5 Novemba wataalamu wa takwimu wa serikali wakaketi na kumbukumbu za matukio na kuzichora: umbali upande mmoja, saa upande wa pili.

Mchoro huo kila kontrola wa treni anaujua, ni ule ule wa kupangia ratiba, na Mfaransa Étienne-Jules Marey aliufanya uwe maarufu tangu karne ya 19. Hapo ndipo ilipoonekana: matukio yalikuwa yanafuatana kwenye mstari, kama vile kuna kitu kinatembea njiani na kuzigusa treni zinazokuja kutoka upande wa pili. Walipopekua video za stesheni wakaikuta: treni PV46. Kifaa chake cha signali kilikuwa kinatoa mawimbi mabovu, mara kinatoa, mara hakitoi. Yenyewe ilikuwa inajiendea zake. Zilizofunga breki ni zile zilizopishana nayo. Kesho yake wakaijaribu njiani, na matatizo yakajirudia.

Basi nami siku ya nne sikwenda asubuhi. Nilifika saa saba, nikakaa chini ya mkwaju na hindi la kuchoma, nyaya za mita ya kupimia umeme zikiwa zimebana kwenye reli. Kati ya kipande na kipande kuna kiungo ambacho ndani yake tunaweka bapa la faiba lenye unene wa milimita chache, ili umeme wa huku usivuke kwenda kule. Reli ya mita 12 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya la alfajiri inarefuka karibu milimita 4. Saa nane kasoro sindano ya mita ikaanza kulala, polepole, kama mzee anayesinzia. Nikafungua kiungo. Faiba ilikuwa imesagika kule chini ambako jicho halifiki, na pengo limejaa ungaunga wa chuma. Mchana reli zikirefuka zinagusana, jioni zikipoa zinaachana.

Kubadilisha faiba kulinichukua dakika 35. Stesheni masta akapiga simu: "Fundi, tayari?" Nikamwambia bado. Akapiga tena, kuna treni imesubiri na abiria wameshaanza kushuka.

Kuna jambo moja linalotufanya mafundi tuwe wagumu hapo. Tarehe 12 Desemba 1988, Clapham Junction, London, waya wa zamani ambao ulipaswa kuondolewa wakati wa kufunga nyaya mpya uliachwa ukining'inia, ncha haijafunikwa. Ulirudi ukagusa mahali pake pa zamani, ukaendelea kuilisha rilei umeme hata treni ikiwa juu ya kipande. Signali haikugeuka nyekundu. Watu 35 walikufa. Uchunguzi ulikuta kuwa fundi aliyefanya kazi ile alikuwa amepumzika siku moja tu katika wiki 13, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyekuja kuhesabu nyaya baada yake.

Kwa hiyo nikachukua waya mfupi, nikaunganisha reli mbili kwa mkono kama vile mimi ndiye treni, nikamuuliza stesheni masta anaona nini. "Nyekundu." Nikautoa. "Nyekundu imeondoka." Nikahamia kipande cha pili, maana kiungo ni cha vyote viwili. Abiria mmoja akapiga kelele kutoka dirishani kwamba si nimeshamaliza, mbona naokota waya tena. Nikaendelea kupima.