Dalali na familia yake: tunayoambiana vijiweni na yaliyo kweli

Udalali wa nyumba na viwanja jijini Dar es Salaam hushika kasi wakati wengine wanafunga ofisi. Anayetafuta vyumba viwili Sinza anapata nafasi ya kuzunguka baada ya saa kumi na moja jioni. Mnunuzi wa kiwanja cha Goba au Kigamboni anataka kwenda saiti Jumamosi, na Jumamosi ikimshinda anasogeza hadi Jumapili baada ya ibada. Saa anazokuwa huru mteja ndizo saa ambazo mtoto ametoka shule na mwenzi wako amerudi nyumbani. Ugumu huo ni wa kweli, na hauondoki kwa kuambiwa upange muda wako vizuri. Ila juu yake tumejirundikia imani zisizo na msingi, na kwa ninavyoona, hizo zinazigharimu familia zetu kuliko kazi yenyewe.

"Simu usiyoipokea ni dili ulilopoteza"

Hii ndiyo imani yenye nguvu kuliko zote, na nguvu yake inatokana na chembe ya ukweli iliyomo. Chumba kizuri cha kupanga, cha bei nafuu na karibu na barabara, huweza kuchukuliwa siku hiyo hiyo. Mpangaji mwenye kodi mkononi asipokupata, anampigia dalali mwingine.

Lakini simu za namna hiyo ni sehemu tu ya zinazoita. Nyumba ya kununua au kiwanja hakiuzwi kwa simu ya saa tatu usiku. Kuna kuonyeshana eneo, upekuzi wa hati, kuvutana bei, mwanasheria, kisha malipo, na hayo huchukua majuma. Mtu anayekusudia kutoa shilingi milioni 60 hakuachi kwa sababu umempigia kesho yake asubuhi. Kinachomkimbiza ni kimya. Ujumbe mfupi unatosha: "Habari kaka, nimeona simu yako, niko na familia kwa sasa. Niandikie eneo unalotaka na bajeti yako, kesho saa mbili asubuhi nakupigia." Halafu mpigie kweli hiyo saa mbili. Mteja akishaona kwamba saa yako ni saa, hana haja ya kukuamsha.

Wateja walio nje wanahitaji mpango wao. Muscat imetutangulia saa moja tu, hivyo Mtanzania aliyeko Oman mnaweza kuzungumza naye mchana. Aliyeko Toronto akikaa kuongea nawe saa tatu usiku kwake, kwako ni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Wengi hawalifikirii hilo mpaka waambiwe, na wakiambiwa huelewa. Mpe muda maalumu wa Jumamosi ambao kwake ni asubuhi na kwako ni jioni, mkubaliane uwe huo kila juma, na usiku ubaki wa kulala.

"Ukionyesha nyingi, utauza nyingi"

Hapa ndipo muda mwingi wa familia unapoteketea, na sielewi kwa nini tunalizungumza kidogo hivi.

Jumamosi inayopotea mara nyingi haipotei kwa mteja mgumu. Inapotea kwa mali ambayo haikuwa tayari kuuzwa tangu mwanzo. Baba anakupa nyumba ya Mbezi uitafutie mnunuzi. Unapeleka watu mara nne, mnunuzi anapatikana, bei inakubaliwa, kisha mkewe anasema hajui habari hizo na haondoki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, iko wazi: nyumba ya ndoa haiuzwi, haitolewi zawadi, haipangishwi wala haiwekwi rehani na mwanandoa mmoja bila ridhaa ya mwenzake. Dili limekufa, na zile Jumamosi nne hazirudi.

Nyumba za urithi nazo ni hivyo hivyo. Kaka mkubwa anauza, kumbe mahakama bado haijateua msimamizi wa mirathi na wadogo zake hawajakubaliana. Kuna viwanja ambavyo muuzaji ana karatasi ya mauziano tu, mipaka inagombaniwa na jirani, na mnunuzi anayatambua hayo akiwa ameshasimama kwenye eneo huku mtoto wako anakusubiri nyumbani.

Karibu yote haya unaweza kuyajua kabla hujampeleka mtu yeyote. Uliza mapema mwenza yuko wapi, omba kuzungumza naye, na ridhaa iwe kwa maandishi. Kama mali ina hati, upekuzi kwa Msajili wa Hati unafanyika siku za kazi, mchana, watoto wakiwa shule. Kama haina, ofisi ya serikali ya mtaa na majirani wanalijua eneo. Kazi ya Jumanne asubuhi inalinda Jumamosi. Dalali anayekataa kutangaza mali isiyokaguliwa anaweza kuonyesha nyumba chache kuliko wenzake, ila anazoonyesha zinaweza kufika mwisho.

Na mteja naye aulizwe. Bajeti ni kiasi gani? Anahama lini? Nani mwingine anatakiwa kuiona nyumba kabla hajaamua? Kama uamuzi ni wa mume na mke, waje wote siku moja. Wanaopokea hela ya usumbufu kila wanapoonyesha huhisi kila mzunguko ni mapato. Wapige hesabu ya bodaboda, vocha na jioni iliyokwenda, waone kinachobaki.

"Sina bosi, muda ni wangu"

Aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa 45 za kawaida kwa juma, siku ya mapumziko, likizo ya siku 28 kwa mwaka, na siku 84 kwa mama aliyejifungua. Dalali anayejitegemea hana hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna anayemwambia aende nyumbani. Uhuru huo bila mipaka anayojiwekea mwenyewe unazaa siku ndefu kuliko za mwajiriwa yeyote.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio ya pamoja: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma kunahusishwa na hatari ya kiharusi iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukilinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Jumlisha foleni ya kutoka Bunju hadi Chanika, simu za alfajiri na Jumapili za saiti, uone uko upande gani. Familia inayokuomba upumzike haikuharibii kazi.

"Ukimwachia mwenzako mteja, umegawa riziki yako"

Tunagawana kamisheni kila siku. Mwenye nyumba ana dalali wake, mpangaji ana wake, na katikati amekaa wa tatu aliyewaunganisha. Kama tunaweza kugawana kwa sababu ya taarifa tu, tunaweza pia kugawana ili mmoja wetu ahudhurie kikao cha wazazi shuleni. Tafuta mwenzako mmoja unayemwamini, mkubaliane mgawo kabla na kwa maandishi, yeye ashike Jumapili hii na wewe ijayo. Mama aliyetoka kujifungua anauhitaji mpango huu kuliko mtu mwingine yeyote.

"Watoto wakishakua wanahitaji ada, si mimi"

Wengi wetu husikitikia muda tunaomkosesha mtoto mchanga, kisha tunapumua akifika sekondari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 na Melissa Milkie na wenzake ulichunguza muda ambao mama hutumia na watoto. Kwa watoto wa miaka 3 hadi 11, wingi wa saa peke yake haukuonekana kuamua wanavyoendelea. Kwa vijana ndipo muda wa kufanya mambo pamoja na mama ulipohusishwa na kupungua kwa tabia za uhalifu. Sisemi utafiti wa Marekani unaelezea nyumba za Tabata. Nasema yule kijana wa kidato cha pili, asiyelia ukiondoka, asihesabiwe kuwa amekwisha kulelewa. Ada ilipwe, na chakula cha jioni kiliwe naye, simu ikiwa chumba kingine.

"Nikipata dili kubwa nitapumzika"

Dili kubwa likija, huja na madeni yanayolisubiri, na wiki inayofuata unarudi barabarani. Kamisheni haina tarehe kama mshahara, kwa hiyo likizo ya familia haiwezi kusubiri ziada. Itengewe fungu kutoka kila dili, hata la chumba kimoja, kabla matumizi mengine hayajaanza. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo hupokea waliojiajiri, na ni vyema kuanza kuchangia mapema.

Shule zetu hufunga Juni na Desemba. Desemba ndugu walioko ughaibuni hurudi na wanataka kuona viwanja kwa macho yao, kwa hiyo kuahidi safari mwezi huo ni kuwaahidi watoto jambo ambalo kazi italivunja. Safari ya kijijini iwe Juni. Desemba waambieni watoto mapema kwamba mtakuwa kazini siku zipi na nyumbani siku zipi, na zile za nyumbani ziandikwe kwenye kalenda ya ukutani, ambapo na wao wanaziona.