Sauli hakushushwa kitini siku ile

Wengi tumefundishwa tangu utotoni kwamba Sauli, mfalme wa Israeli, alipomwacha hai Agagi, mfalme wa Waamaleki, kinyume cha amri ya Mungu, alipoteza ufalme palepale. Chanzo ni neno moja la nabii Samweli katika 1 Samweli 15: "leo". Sauli alimshika upindo wa joho, likararuka, naye nabii akasema ufalme wa Israeli umeraruliwa kwake hivyo hivyo.

Lakini soma mistari michache mbele. Sauli anaomba aheshimiwe mbele ya wazee, na Samweli anarudi naye. Anabaki mfalme, ana jeshi, ana mkuki mkononi. Daudi anapakwa mafuta awe mfalme baada yake sura inayofuata, kisha anaishia kumpigia huyohuyo Sauli kinubi! Hata pangoni Engedi, alipokata upindo wa vazi la Sauli (ndiyo, upindo tena), moyo ulimchoma, akamwita masihi wa Bwana, yaani mpakwa mafuta wake.

Kilichoondoka mapema ni Roho wa Bwana, 16:14. Kiti kilikuja kuondoka vitani katika mlima Gilboa, Sauli alipokufa siku moja na wanawe watatu. Na hata hapo Daudi alitawala Yuda tu, akiwa Hebroni, miaka 7 na miezi 6 kabla ya kuipata Israeli yote.