Baridi ya Njombe haikuua betri yako
Gari limetoka Dar es Salaam zima, limelala Njombe usiku mmoja wa Julai, asubuhi starta inalia "tik tik" tu. Eti baridi imeua betri! Kilichoila ni joto la Dar, linaloharakisha kutu kwenye sahani za ndani na kukausha maji yake. Baridi imeifichua tu: hupunguza nguvu ya betri huku oili ikiwa nzito na starta ikidai umeme zaidi.

Kabla ya kununua mpya, safisha na kukaza vichwa vya betri (ule unga mweupe umewaponza wengi), kisha pima. Betri iliyojaa chaji husoma takriban volti 12.6, ikiporomoka chini ya 9.6 unapopiga starta, huenda imechoka.