Je, wajua kwa nini maswali ya utafiti wa afya nyumbani hubadilishwa, na nani huyabadilisha?

Katika utafiti wa kwanza wa EDS, yaani Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya, uliofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2007, mhoji akikuta chandarua ndani ya nyumba haikutosha kuandika kwamba kipo na kupita. Ilibidi ajue kama kiliwahi kuchovywa kwenye dawa ya kuua mbu, na kama ndiyo, ni miezi mingapi imepita. Kilichochovywa zaidi ya mwaka mmoja nyuma kilihesabiwa kuwa kimekwisha nguvu. Leo ukimuuliza swali hilo mama kijana wa Katuba au Kampemba, mitaa ya Lubumbashi, atakushangaa. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi vinatoka kiwandani vikiwa na dawa ndani ya nyuzi zake, hakuna anayechovya kitu kwenye beseni. Kwa hiyo swali liliondolewa. Lakini lilipokuwa hai lilifanya kazi yake: lilionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano waliolala ndani ya chandarua chenye dawa walikuwa kama 6 kwa kila 100 mwaka 2007, na kufikia utafiti wa 2013–2014 walikuwa kama 56.

EDS ni kifupi cha jina la Kifaransa la utafiti huo. Kwetu una uzito kuliko kwa nchi nyingi, kwa sababu sensa yetu ya mwisho ni ya mwaka 1984. Tunajua kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 148 hadi 104 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kati ya 2007 na 2013–2014, kwa sababu wanawake walikaa chini wakajibu maswali. Utafiti wa tatu ulifanyika 2023–2024.

Maswali yenyewe hayaandikwi upya kila mara. Kuna madodoso ya mfano yaliyotungwa na mpango wa kimataifa wa DHS (kifupi cha Kiingereza cha utafiti huohuo), ulioanza 1984 kwa fedha za Marekani: moja la kaya, moja la wanawake wa miaka 15 hadi 49, moja la wanaume, na moja la vipimo vya mwili kama uzito, urefu na tone la damu. Nchi inachukua mifano hiyo na kuilinganisha na maisha yake. Kila baada ya miaka mitano hivi, mifano hufunguliwa tena. Wataalamu, wizara na mashirika huleta mapendekezo, na mapendekezo huwa mengi kupita kiasi. Kila mwenye ugonjwa wake anataka swali lake liingie.

Mengi hayaingii, na sababu ya kwanza ni saa. Mahojiano ya mwanamke mwenye watoto wadogo yanaweza kupita saa nzima, na wakati huo mbabula (jiko la mkaa) inangoja, bukari haijasongwa, mtoto analia mgongoni. Maswali yakirefuka, majibu yanachoka. Na si majibu ya mama peke yake. Imeonekana katika nchi nyingi kwamba wahoji waliochoka huandika kwamba mtoto alizaliwa miezi michache kabla ya tarehe yake ya kweli, ili aangukie nje ya kipindi kinachohusika na sehemu ndefu ya maswali. Ukilichora hilo kwenye grafu unaliona waziwazi: watoto wanapungua ghafla ndani ya mpaka na kuongezeka ghafla nje yake. Katika toleo la nane la madodoso, maswali ya huduma za ujauzito na uzazi yalipunguzwa kutoka watoto wa miaka mitano iliyopita hadi wa miaka mitatu. Naona huo ni uamuzi mzuri. Mama anakumbuka vizuri zaidi kliniki ya mwaka jana kuliko ya miaka minne nyuma.

Sababu ya pili ni kwamba kuna mambo ambayo mhojiwa hawezi kuyajua hata akiwa mkweli kabisa. Tuseme wizara inataka kujua kama mama alipigwa sindano ya kuzuia damu kuvuja mara baada ya kujifungua. Ni jambo la maana sana, linaokoa maisha. Lakini mama aliyekuwa katika uchungu, akapigwa sindano paja la kulia, hawezi kujua ndani ya bomba kulikuwa na nini. Watafiti walilinganisha majibu ya wanawake na yale yaliyoonekana kwa macho ndani ya chumba cha kujifungulia, wakakuta kwamba mambo mengi ya aina hiyo hayaaminiki kwa kuuliza tu. Swali zuri juu ya jambo lisilojulikana na anayejibu linazaa takwimu ya uongo, na takwimu ya uongo ni hatari kuliko kukosa takwimu, maana watu hupanga dawa na fedha juu yake.

Sababu ya tatu ndiyo inayowatesa zaidi watunga maswali: ukibadilisha swali, unakata kamba kati ya jana na leo. Kama mwaka fulani uliuliza "nishati gani mnayopikia" na mwaka mwingine ukauliza "jiko la aina gani", tofauti ya majibu inaweza kuwa ya maisha au ya swali, na huwezi kuitenganisha kirahisi. Wakati mwingine kuna njia ya kujinasua. Shirika la Afya Duniani lilipotoa viwango vipya vya ukuaji wa watoto mwaka 2006, tafiti za zamani hazikutupwa, kwa sababu urefu na uzito wa kila mtoto ulikuwa umehifadhiwa kama ulivyopimwa. Hesabu ikarudiwa kwa kipimo kipya. Lakini jibu la mdomo huwezi kulipima upya. Swali ambalo halikuulizwa 2007 haliwezi kuulizwa tena kwa mwaka ule.

Pamoja na hayo yote, kuna wakati ambapo kutobadilisha ni kosa kubwa zaidi. Jiko ni mfano wa karibu nasi. Kwa muda mrefu ilitosha kuuliza nishati kuu ya kupikia, na sehemu kubwa ya Lubumbashi ingejibu: makala, yaani mkaa. Lakini moshi hauamuliwi na makala peke yake. Kuna tofauti kati ya mbabula iliyowekwa uani na mbabula iliyoingizwa ndani kwa sababu ya mvua ya Januari, na kati ya jiko lenye bomba la kutoa moshi na mafiga matatu. Siku hizi dodoso linauliza aina ya jiko, bomba la moshi, mahali pa kupikia, hata mwanga wa usiku unatoka wapi.

Maji pia. Zamani ilihesabiwa zaidi aina ya chanzo na dakika za kwenda na kurudi. Mwenye bomba uani alikuwa ameshinda. Malengo ya maendeleo endelevu yalipopitishwa mwaka 2015, kipimo kikapanda: maji yawepo nyumbani, yapatikane yanapohitajika, na yawe safi. Kuna pia swali la kama maji yalikosekana siku nzima au zaidi katika wiki mbili zilizopita. Kwa mwenye bomba kavu anayekwenda na bidoni kwenye foraji (kisima kirefu cha kuchimbwa) ya jirani, hilo swali moja linasema zaidi ya mengine yote.

Lakini badiliko ninaloliona kubwa kuliko yote ni la watoto waliozaliwa wamekufa.

Kwa miongo mingi, moyo wa utafiti huu ulikuwa historia ya uzazi. Mama anatajiwa watoto wake waliozaliwa hai, mmoja baada ya mwingine: jina, wa kiume au wa kike, alizaliwa lini, yu hai au la. Kama alikufa, umri wake unaandikwa kwa siku ikiwa hakumaliza mwezi, kwa miezi ikiwa hakufika miaka miwili, na baada ya hapo kwa miaka. Mhoji anafundishwa kuuliza kwa makini, kwa sababu akina mama wengi husema "mwaka mmoja" kwa mtoto aliyefariki akiwa na miezi 10 au 14. Na kwa yule ambaye mama hana hakika kama alikuwa hai, kuna swali: je, alilia, alitikisika, au alipumua?

Asiyelia, asiyetikisika, asiyepumua, hakuingia kwenye orodha hiyo. Mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa wamekufa waliguswa juu juu, kwa swali la jumla na kwa kalenda ya miezi. Na hawa si wachache: duniani kote ni karibu milioni 2 kwa mwaka, ukihesabu wale wa kuanzia wiki 28 za ujauzito.

Pendekezo lilikuwa kuuliza kila mimba badala ya kila mtoto aliyezaliwa hai. Pingamizi lilikuwepo, na lilikuwa la haki. Mahojiano yatarefuka. Mama ataumizwa kwa kukumbushwa. Huenda hata hesabu ya watoto waliozaliwa hai ikavurugika, na hiyo ndiyo nguzo ya utafiti wote. Kwa hiyo swali halikubadilishwa kwa kubahatisha. Lilijaribiwa katika nchi tano, yaani Uganda, Ethiopia, Ghana, Guinea-Bissau na Bangladesh, kwa wanawake karibu 69,000 waliogawanywa kwa kura: wengine wakaulizwa kwa njia ya zamani, wengine kwa njia ya mimba zote. Matokeo yalitoka 2020. Kuuliza kila mimba kulionyesha kiwango cha watoto waliozaliwa wamekufa kilicho juu kwa karibu moja ya tano, na vifo vya watoto wachanga havikupotea kwenye hesabu. Toleo la nane likachukua njia ya mimba zote.

Hapa ndipo ninapoelewa kwa nini kazi hii inachukua miaka, na siulalamikii ucheleweshaji huo. Mama aliyebeba miezi tisa akarudi nyumbani mikono mitupu anastahili kuulizwa, na anastahili kuulizwa na swali lililopimwa, ili jibu lake lisitiliwe shaka na mtu yeyote ofisini Kinshasa.

Kabla maswali hayajafika mlangoni, kuna hatua za nyumbani ambazo hazionekani. Majina ya dawa za malaria hubadilishwa kulingana na zinazotumika nchini. Klorokwini iliachwa kama dawa ya kwanza mwaka 2001, na kuanzia 2005 matibabu yakahamia dawa mseto za artesunate na amodiakwini. Chanjo mpya zinaongezwa kwenye orodha. Majimbo nayo: mwaka 2015 Katanga iligawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, na kuwapima pamoja watu wa Lubumbashi na wa Kalemie kungeficha tofauti zao. Kisha dodoso hujaribiwa kwa kaya chache ambazo hazimo kwenye utafiti wenyewe, na linalokwaza hurekebishwa.

Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisitisha fedha za mpango wa DHS, na mwaka huohuo Gates Foundation ikajitokeza kuzisaidia tafiti zilizokuwa njiani. Tangu hapo swali la nani huamua maswali limekuwa zito zaidi. Taasisi yetu ya Taifa ya Takwimu na wizara ya afya zina watu wenye uzoefu wa tafiti hizi. Wanajua parseli zetu zilivyo, wapangaji na mwenye nyumba ndani ya ua mmoja, kaya zikitenganishwa na nani anakula na nani. Ningependa kuona wao wakishika kalamu mapema zaidi, si kwenye hatua ya kulinganisha tu.

Na mhojiwa naye ana sehemu yake, ingawa wengi hawaijui. Chini ya orodha nyingi za majibu kuna nafasi ya "nyingine, taja". Ikiwa jibu lako halimo, usikubali kusukumwa kwenye lililo karibu. Sema kama lilivyo, mhoji aliandike. Maandishi hayo husomwa baadaye na kupangwa kwa makundi, na jibu linalojirudia kwa watu wengi huweza kupewa namba yake katika dodoso linalofuata.