Kabla ya Kuulizia Kozi Mpya, Pima Ulichonacho

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote hapa Kigoma ni hili: "Mwalimu, siku hizi kuna kozi gani inayolipa?" Huuliza kijana wa bodaboda pale Mwanga, huuliza mama anayeuza mawese, na hata mzee mmoja wa Kibirizi aliyeanza kuunda maboti kabla mimi sijazaliwa. Ninafundisha useremala, na sehemu nyingine ya kazi yangu ni kuwatathmini mafundi waliojifunzia mtaani. Hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya nilikatae swali lenyewe. Mtu ana miaka kumi na zaidi ya kazi mikononi, halafu anaulizia kozi kama mgeni aliyeshuka kwenye treni jana. Jibu langu huwa fupi: kapimwe kwanza. Ukishajua unachokijua, pengo litakalobaki ndiyo kozi yako, na mara nyingi ni fupi na nafuu kuliko ulivyodhani.

Kupimwa huko kuna jina rasmi: utambuzi wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Mtaani tunasema urasimishaji ujuzi. Unasimamiwa na VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na wazo lake ni jepesi. Mwanafunzi wa chuo wa ngazi ya kwanza ana mambo anayotakiwa kuyaweza. Kama wewe unayaweza yaleyale, aliyekufundisha awe mjomba wako kwenye karakana ya bati pale Ujiji au awe mkufunzi mwenye shahada, unastahili cheti. Kinachopimwa ni umahiri, maana yake kazi ifanyike mbele ya macho ya mtathmini na itoke inavyotakiwa. Useremala umo, uashi umo, ufundi magari umo, upishi na huduma za hotelini zimo. Kuna awamu ambazo Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, imewagharamia washiriki. Nje ya hizo mtu hujilipia. Kwa hiyo ukisikia jirani kafanyiwa bure, uliza kwanza ilikuwa awamu gani.

Sasa nikuoneshe inavyokuwa, maana hapa ndipo penye utamu. Chukua seremala wa kawaida wa Ujiji, wa vitanda, makabati na fremu za milango. Namkuta kazini kwake, naangalia kazi alizokwisha kufanya, tunapiga stori kidogo kuhusu mbao, halafu nampa kazi: kona moja ya fremu ya mlango, ulimi upande huu, tundu upande ule, bila msumari. Nikishasema hivyo nakaa kimya niangalie mikono. Anachagua kipande cha mninga kwa kukinyanyua tu. Kikiwa kizito kupita kawaida anakirudisha, anajua bado kina maji na kitapinda kikikauka. Anaangalia nyuzi za mbao zimeelekea wapi kabla ya kupitisha randa. Anapiga mistari kwa guni, kile kipimo cha pembe mraba, anakata ulimi kwa nje kidogo ya mstari ili abakishe cha kupunguza kwa patasi. Akimaliza anachomeka, anagonga mara mbili kwa kiganja, na kiungo kinakaa. Nikiweka guni kwenye kona, hakuna mwanga unaopita. Wapo wahitimu wa chuo ambao kazi hiyo huwatoa jasho.

Kisha natoa karatasi. Ni mchoro wa mlango, umechorwa kwa mbele, kwa ubavu, na kama umekatwa katikati, vipimo vyote kwa milimita. Fundi wetu anaigeuza karatasi, anairudisha, anaigeuza tena. Yeye maisha yake yote amepima kwa futi na inchi, na mteja humletea picha ya mlango kwenye simu. Nauliza swali la pili: mwalimu mkuu anataka milango sita kama huu, utahitaji mbao ngapi na utamtoza shilingi ngapi? Anataja bei papo hapo. Ukimuuliza ameipataje, anasema ndiyo bei ya mtaani. Mbao zitakazopotea kwenye makato hazimo, gundi na msasa havimo, siku zake mwenyewe hazimo. Mkikaa na kalamu mkapiga hesabu, mara nyingine inaonekana mlango wa sita ataufanya bure.

Basi huyu hahitaji kozi ya useremala. Ukimpeleka akakae chuoni miaka miwili na vijana waliomaliza shule mwaka jana, atafundishwa upya namna ya kushika randa, na nina hakika atatoroka. Anachohitaji ni kusoma mchoro na kukadiria vifaa na gharama, na jingine ambalo mafundi wengi hulicheka, usalama: kandambili mbele ya msumeno wa umeme na macho bila miwani ni vitu ninavyokutana navyo karibu kila karakana. Haya yanafundishika jioni, kwa muda mfupi, huku karakana yake inaendelea kumlisha. Waashi nao wana lao. Ukuta wao unakaa timazi bila shida, lakini waulize uwiano wa saruji na mchanga kwa msingi na kwa plasta, wengine watakwambia wanaangalia rangi ya mchanganyiko. Mama lishe hana cha kufundishwa kuhusu kuhe, samaki wa ziwa letu, wa nazi. Hesabu za mtaji na usafi wa jiko ndiko tunakokutana.

Hofu kubwa ya mafundi watu wazima ni aibu. Mzee aliyewafundisha nusu ya maseremala wa mtaa hataki kijana mwenye fulana ya taasisi aje kumhoji mbele ya wanafunzi wake, na ana haki. Mtathmini akifika aanze na shikamoo, aketi, aoneshwe kazi, na maswali ya karatasi yasubiri mpaka vijana wametumwa dukani. Nimeona tathmini zikiharibika mapema kabisa kwa sababu mgeni alianza na "ninyi ambao hamkusoma". Mtu anayeunda boti la kubeba abiria na mizigo ziwani amesoma, ila hakuna aliyewahi kumpima.

Ataniuliza mtu, cheti cha nini kama kazi anaiweza? Waulize mafundi umeme. Kufunga nyaya kwenye nyumba ya mtu kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, na leseni hutolewa kwa mwenye cheti cha fani hiyo. Umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, umefika vijijini, nyumba zinahitaji nyaya, vijana wanaoijua kazi wapo. Kinachotokea ni kwamba asiye na leseni anapanda darini, anatoboa kuta, anavuta nyaya siku nzima, halafu mwenye leseni anakuja kusaini fomu na kuondoka na sehemu nzuri ya hela. Sioni sababu ya mtu mwenye mikono yake kuishi hivyo miaka nenda rudi. Na hii reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Kwenye miradi ya ukubwa huo asiye na karatasi mara nyingi huandikwa saidia fundi, hata kama anamzidi fundi anayemsaidia.

Niseme na jambo ambalo halitawafurahisha baadhi ya rafiki zangu. Kigoma ni mkoa wa semina. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko Kasulu tangu 1996, mashirika yamekuja na kuondoka, na mengi yamekuja na warsha zake: ujasiriamali, stadi za maisha, uongozi, utengenezaji wa sabuni. Kuna watu wana vyeti vya kubandika ukuta mzima wa sebule. Ukivisoma vizuri, vingi vinasema "amehudhuria". Ni kweli alihudhuria, akanywa soda, akapewa nauli. Siichukii semina, na sabuni nzuri za mche zinazouzwa mitaani kwetu nyingine zilianzia ukumbini. Ninachomwomba mtu ni aulize kabla ya kusaini daftari la mahudhurio: nikitoka hapa nitaweza kufanya nini ambacho asubuhi sikukiweza, na karatasi hii nani ataikubali nje ya ukumbi huu? Mwenye semina akianza kujikuna kichwa, kaa ule chakula cha mchana kwa amani, ila ratiba yako ya kujifunza usiijenge juu yake.

Lipo pengo lisilozibika karakanani, nalo ni la shule yenyewe. Fundi aliyeishia darasa la saba akitaka kusonga hadi stashahada, kozi nyingi zitamwuliza cheti cha kidato cha nne. Wengi hudhani mlango huo ulifungwa siku waliyomaliza shule ya msingi. Upo Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, unaotungwa na Baraza la Mitihani. Ukiufaulu unaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hakuna atakayekuvalisha sare. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, mtihani hufanyika Novemba. Ndiyo maana wanaokuja kwangu Agosti wakiwa na ari huwa nawaambia kwa mwaka huo wameshachelewa, wasome tu wakisubiri Januari. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, inayojitegemea tangu 1975, huratibu madarasa ya namna hii mikoani, kwa hiyo mtu haachwi ajifungie ndani na vitabu peke yake. Hisabati ndiyo inayowatisha zaidi. Lakini fundi aliyekwisha kujifunza kukadiria ile milango sita, asilimia na uwiano amekutana navyo tayari, tena vikiwa na hela ndani yake.

Kwa dada zetu waliokatishwa shule na mimba, Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu warudi kwenye shule rasmi. Asiyetaka kukaa dawati moja na watoto wadogo aangalie vyuo vya maendeleo ya wananchi. Kasulu kipo, na mkoani Tabora kuna Sikonge na Urambo. Humo ndimo ilimoanzishwa programu ya Elimu Haina Mwisho, inayochanganya masomo ya sekondari na fani ya mikono, na ina mpango wa kulelea watoto mama anapokuwa darasani. Katika programu zote ninazozifahamu, sijaona nyingine iliyofikiria vizuri namna hiyo siku ya mwanafunzi wake inavyokwenda.

Siku inavyokwenda, hilo ndilo ratiba za ofisini huwa hazilijui. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu taa haina nguvu ya kuvuta dagaa mwezi ukiwa umejaa. Mbalamwezi ikifika, maboti yanapumzika, nyavu zinashonwa, na kijana anapata siku kadhaa za kulala usiku na kuwa macho mchana. Darasa la kila Jumanne na Alhamisi litampoteza kabla mwezi haujaisha. Darasa la siku za mbalamwezi, mfululizo, atalimaliza. Huko Tabora vivyo hivyo: usimwite mkulima wa tumbaku darasani wakati moto unawaka kwenye bani lake, banda la kukaushia tumbaku. Wazo hili wazee wetu walikuwa nalo. Mwalimu Nyerere alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, kule Mwanza tayari kulikuwa na kisomo chenye manufaa, watu wakijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, migomba na uvuvi, kila mtu kwa kazi yake.

Serikali ilipofunga shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kuna waliosema wavuvi sasa wamepata miezi mitatu ya kusoma. Mimi sikuwa na haraka ya kushangilia. Mtu aliyekatika kipato huhangaikia kwanza chungu cha jioni, na akili yake iko huko hata akiwa amekaa mbele ya ubao. Wa kuwalenga wakati kama ule ni wale wenye kazi ya pembeni inayoendelea, kama mafundi wa injini za boti. Hao hata mbali hawana haja ya kwenda, maana wakala wa elimu ya uvuvi, FETA, una kampasi yake palepale Kibirizi.

Ukiamua kwenda VETA kuuliza, iwe Kigoma au Tabora, usiende mikono mitupu. Piga picha za kazi zako zikiwa katikati na zikiwa zimekamilika, kwa sababu picha ya kabati lililokwisha kupakwa vanishi hainiambii viungo vyake vikoje. Andika kwenye daftari kazi kubwa ulizofanya, kwa nani na mwaka gani. Tafuta wateja wawili au watatu watakaokubali kupigiwa simu. Masharti hutofautiana kwa fani na kwa awamu, kwa hiyo soma tangazo lenyewe na usitegemee ya kuambiwa na aliyepita mwaka juzi. Na ukipangiwa siku ya tathmini, njoo na zana zako. Patasi ya kuazima huijui makali yake, na sipendi kumwandikia mtu mzima "hajafuzu" kwa ajili ya patasi.